Sifa mia nne na kumi na mbili, lakini nani ameishika akaunti leo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpiga picha, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Kazi zangu ni harusi, sendoff na mahafali ya vyuo. Nimeona lenzi ya Canon 70-200 kwenye mnada wa eBay ya Uingereza, dau limefika pauni 390 na zimebaki siku mbili. Muuzaji alijiunga 2009, ana sifa 412 alizoandikiwa na waliofanya naye biashara, na zote asilimia mia ni nzuri. Kwenye picha ya lenzi ameandika anwani ya barua pepe, nikamwandikia kumuuliza kama anaweza kumtumia mzigo dada yangu aliyeko Leicester. Amejibu kwamba nikimlipa benki moja kwa moja pauni 350 atafunga mnada leo na kuituma kesho, maana eBay wanamkata makato makubwa. Dada ana wasiwasi. Mimi naona mtu mwenye sifa mia nne hawezi kuharibu jina lake kwa pauni 350. Nani yuko sahihi? Linki ya tangazo na barua yake nimekuwekea.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Dada yako yuko sahihi. Hiyo pesa usiitume. Na kama ulishaituma kabla ya kusoma hapa, shuka moja kwa moja hadi pale nilipoandika habari ya pesa iliyokwisha kutoka, ufanye hayo kwanza. Mengine utayasoma ukishatulia.

Jana usiku nimekaa na tangazo hilo karibu saa nzima. Hoja yako ina akili. Mtu aliyehangaika zaidi ya miaka kumi kujenga jina hawezi kulichoma kwa pauni 350. Ni kweli kabisa, hawezi. Lakini unayeandikiana naye si yeye.

Jumamosi moja nenda mnadani Msalato. Kabla hujakaa kula nyama, simama kidogo pale ng'ombe wanapouzwa uwatazame wanunuzi wazoefu. Ng'ombe ana chapa, na chapa inasema katoka zizi la nani. Haisemi nani kashika kamba asubuhi hii. Kwa hiyo mzee mzoefu akishaisoma chapa huinua macho akamtazama mwenye kamba: wewe wa wapi, huyu umemtoa kwa nani, kibali kiko wapi, nani hapa anakufahamu? Majibu yakiyumba, anaondoka, hata kama ng'ombe mwenyewe amenona.

Sifa 412 ni chapa. Zimepigwa kwenye akaunti, na akaunti ni kitu kinachoibika. Ukizisoma, bado hujamtazama aliyeshika kamba.

Ujue kwanza hizo sifa zinavyohesabiwa. Mfumo huo ulianza 1996, mwaka mmoja baada ya Pierre Omidyar kuanzisha mnada huu wa eBay kule California. Watu wasiojuana walikuwa wanauziana vitu kwa barua, hivyo kila mmoja akapewa nafasi ya kuandika alivyotendewa, wa baadaye wasome. Mwaka 2008 kanuni ikabadilishwa: muuzaji akazuiwa kumpa mnunuzi alama mbaya, kwa kuwa wauzaji walikuwa wakilipiza kisasi kwa wateja waliolalamika. Nia ilikuwa njema, lakini tangu hapo anayenunua tu hukusanya alama nzuri tupu. Nunua vifuniko mia vya simu, lipa kwa wakati, na utaonekana na alama mia moja safi bila kuwahi kumuuzia mtu hata kijiko. Halafu ile asilimia inayosomeka pembeni ya jina hukokotolewa kwa miezi 12 ya mwisho peke yake. Wengi hawalijui hili, nawe kwa maneno yako naona hukulijua.

Sasa bofya namba 412 kwenye lile tangazo, uifungue kurasa kwa kurasa kama nilivyofanya mimi. Karibu sifa zote ziko kwenye fungu la zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Soma wanunuzi wanavyoshukuru: nyuzi laini, rangi kama ya kwenye picha, mama amefurahi, nitarudi kununua nyingine. Mwenye akaunti hii alikuwa anauza nyuzi za sufi za kufumia. Mamia ya watu wamemshukuru kwa sufi, na hakuna hata mmoja anayetaja kamera. Ndani ya miezi 12 ya mwisho zimo sifa tatu, na zote tatu amezipata kama mnunuzi. Asilimia mia uliyoiona imetoka kwenye hizo tatu tu.

Baada ya ukimya huo wote, wikiendi hii ameamka na bidhaa kumi na nne kwa mpigo. Lenzi nne, droni mbili, mashine za kahawa, jenereta, saa za bei mbaya. Fungua picha moja moja na utazame chini, sakafuni. Lenzi yako imewekwa juu ya mbao, droni iko kwenye zulia la kijani, jenereta iko kwenye vigae vyeupe, na mashine ya kahawa kaunta yake ni ya jiwe. Hakuna nyumba ya muuza sufi yenye sakafu za namna zote hizo. Hizo picha zimeokotwa kwenye matangazo ya watu wengine. Ukiiingiza ya kwako kwenye Google Lens au TinEye, mashine za kutafuta picha mtandaoni, unaweza kukuta ilikotoka. Ila usipoipata usiseme basi ni salama, kwa sababu tapeli akiikata pembeni au kuigeuza upande, mashine huweza kukosa kuitambua.

Halafu ile anwani ya barua pepe iliyoandikwa juu ya picha. Kwangu mimi hiyo ilitosha. Tovuti za minada huzuia watu kupeana barua pepe na namba za simu, na programu zao huyachuja maneno ya tangazo. Herufi zilizochorwa ndani ya picha ni ngumu zaidi kwa programu kuzisoma. Muuza sufi halali hana sababu ya kujificha hivyo. Anayejificha ni yule anayejua kwamba ukimwandikia kwa njia ya kawaida, ujumbe utaingia kwenye sanduku la akaunti, na mwenye akaunti halisi siku akifungua atauona.

Barua yenyewe nimeisoma mara mbili. Anasema anakwepa makato. Tangu Oktoba 2024 eBay ya Uingereza iliondoa ada ya mauzo kwa wauzaji binafsi, isipokuwa wa magari. Muuzaji anayeishi Leeds, kama tangazo linavyodai, angelijua hilo kuliko mimi niliyeko Dodoma. Halafu angalia namba ya akaunti ya benki aliyokupa. Namba za namna hiyo huanza na herufi mbili za nchi: GB ni Uingereza, ES ni Hispania, LT ni Lithuania. Hiyo yako inaanza na LT, na jina la mwenye akaunti halifanani na jina la mtu wa Leeds. Pesa hiyo ungekuwa unaipeleka kwa nani?

Kuna jambo moja ambalo sikulihesabu kama dalili, nawe usilihesabu: bei ya pauni 390. Lenzi hiyo iliyotumika huuzwa zaidi ya hapo, ni kweli, lakini mnada ukiwa na siku mbili mbele bei ndogo ni ya kawaida. Wazoefu hungoja dakika za mwisho ndipo waweke dau. Kama ingekuwa bei ya kununua papo hapo, hapo ungeshtuka. Nalisema hili kwa sababu watu wengi wanafundishwa kwamba bei rahisi ni utapeli, basi. Matokeo yake wanakosa vitu halali, halafu wanapigwa na tapeli mwenye akili aliyeweka bei ya kawaida.

Akaunti za namna hii zinatekwaje? Mara nyingi kwa nywila moja kutumika kila mahali. Mtu ana nywila ileile kwenye barua pepe, kwenye mnada na kwenye tovuti ya mapishi. Tovuti ya mapishi ikidukuliwa, mwizi anachukua orodha na kuijaribu kwenye minada. Mnada wenyewe nao haujasalimika. Mei 2014 eBay ilitangaza kwamba waliingiliwa kwa kutumia nywila za wafanyakazi wao wachache zilizoibwa, na ikawaomba watumiaji milioni 145 wabadilishe nywila. Aliyekuwa ameacha kuingia hakuibadilisha. Mwizi hutafuta hasa akaunti iliyolala: ina sifa, na mwenyewe hatazami.

Njia ya pili ni barua inayojifanya imetoka kwenye mnada. Inakuambia akaunti yako itafungwa, au mnunuzi amelalamika, bonyeza hapa uthibitishe. Hapa nakufundisha kitu kimoja cha kusoma, na ukikishika kitakusaidia maisha yako yote mtandaoni. Anwani ya tovuti hutazamwa kuanzia mkwaju (/) wa kwanza ulio peke yake, kisha unarudi nyuma. Kilicho nyuma yake mara moja ndicho mwenye nyumba. Kwenye signin.ebay.co.uk/akaunti, mwenye nyumba ni ebay.co.uk. Kwenye ebay.co.uk.uthibitisho-wa-malipo.info/akaunti, mwenye nyumba ni uthibitisho-wa-malipo.info, na hilo neno eBay lililotangulia ni bango tu alilolibandika mlangoni. Kwenye simu ndogo anwani hukatwa, ukaona mwanzo wake tu, na mwanzo ndiko wanakoweka bango. Hivyo usiingie kupitia linki ya barua. Fungua programu mwenyewe, ingia, na utazame sanduku la ujumbe lililomo ndani ya akaunti yako. Ujumbe wa kweli kuhusu akaunti utakuwemo humo pia. Usipokuwemo, barua hiyo ifute.

Usidhani haya ni mambo ya Ulaya peke yake. Hapa kwetu kuteka akaunti ndiko kunakolipa zaidi, kwa sababu sisi hatuuziani na wageni, tunauziana na watu tunaowajua. Mwaka juzi muuguzi mmoja tunayesali naye Makole alipigiwa simu na mtu aliyejiita katibu wa kwaya, akamwambia: samahani, nimekutumia namba sita kimakosa, nisomee. Akasoma. Ile ilikuwa namba ya kuhamishia WhatsApp yake kwenye simu nyingine. Haikupita saa moja, kwenye status yake kukawa na friji, tivi, kitanda na makochi, na maneno: nimehamishwa kikazi, nauza kila kitu bei ya kutupa, tanguliza nusu nikuwekee.

Kwa Dodoma nani angeshangaa? Tangu serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia huku, watu wanakuja na kuondoka, na samani huuzwa hivyo kila wikiendi, kutoka Area D hadi Ihumwa. Watu wawili walituma pesa. Wa tatu alikuwa mama mwenye duka Majengo. Alikuwa anaitaka ile friji, akaivuta picha iwe kubwa ili aone kama mlango una mkwaruzo. Mkwaruzo hakuuona. Aliona soketi ukutani, nyuma ya friji, yenye matundu mawili ya duara. Nyumba zetu zina soketi za matundu matatu bapa. Akajiuliza: huyu muuguzi kajenga wapi? Akampigia kwa laini ya kawaida, si kwa WhatsApp. Muuguzi alikuwa zamu wodini, hana habari ya kuhama.

Ile simu ya laini ya kawaida ndiyo dawa. Mwizi aliyeteka akaunti ameteka njia moja tu ya kumfikia mtu. Mtafute mwenye akaunti kwa njia nyingine unayoijua tangu zamani, au kupitia mtu anayeishi naye. Na usikubali jibu la "simu yangu mbovu, tuandikiane tu." Jibu hilo ndilo linalokuambia umempata mwizi.

Kwenye Instagram, ambako najua vijana mnanunua sana, wasifu wa akaunti zenye wafuasi wengi una sehemu inayoitwa "Kuhusu akaunti hii". Hapo utaona ilifunguliwa lini, iko nchi gani, na imewahi kubadili jina mara ngapi. Duka la simu lenye wafuasi elfu sabini ambalo limebadili jina mara tano, na nchi yake haijulikani ni ipi, huenda jana lilikuwa ukurasa wa vichekesho ulioibwa au kuuzwa. Wafuasi hao ni wa ule ukurasa wa vichekesho, si wa duka. Ukikuta pia maoni yamefungwa chini ya kila picha, funga simu.

Wapo pia matapeli wasioteka akaunti ya mtu. Hawa hujenga yao taratibu, wanauza vitu vya bei ndogo kwa uaminifu miezi kadhaa, kisha siku moja wanauza vya bei kubwa kwa mpigo na kutoweka. Hao ni wagumu kuwatambua, na dalili iliyo wazi ni ile ile ya muuza sufi: bidhaa ya leo haina undugu na bidhaa za jana. Wengine wana mapandikizi wa kupandisha dau. Kwenye historia ya madau tovuti huficha majina, lakini hukuonyesha mzabuni fulani ameelekeza sehemu gani ya madau yake kwa muuzaji huyo huyo. Mwenye sifa sifuri ambaye karibu madau yake yote ni kwa muuzaji mmoja, na hashindi hata siku moja, ni pandikizi. Pandikizi hakuibii bidhaa, anakulipisha zaidi. Weka kikomo chako moyoni, ukifika hapo acha. Na ukishindwa mnada, kisha ikaja barua kwamba mshindi ameshindwa kulipa hivyo bidhaa ni yako, kaitafute ofa hiyo ndani ya akaunti. Ya kweli utaikuta humo.

Ujanja mwingine ninaouchukia hasa, kwa sababu huwaumiza watu waliofanya kila kitu sawasawa, ni wa namba ya kufuatilia mzigo. Tapeli hutuma bahasha tupu kwa mtu mwingine anayekaa eneo lenye msimbo wa posta kama wa dada yako. Mfumo unaandika "umefika", naye anaonyesha ushahidi kwamba alituma. Likitokea hili, dada awaandikie wasafirishaji awaombe uthibitisho wa mlango hasa uliopelekewa na jina la aliyepokea, kisha aambatanishe jibu hilo kwenye madai yake.

Sasa pesa iliyokwisha kutoka. Kama ulilipa kwa kadi ya benki, piga benki leo hii, uombe muamala upingwe na kadi ifungwe. Kama ulituma benki kwa benki, piga vilevile, uwaambie ni utapeli na waandike benki iliyopokea waizuie. Hapo mbio zenu ni za saa, hazihesabiwi kwa siku. Kama ulitumia pesa za simu kwa mtu wa hapa nchini, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi, kwa sababu muamala hurudishika tu kabla ya mwenzio kuutoa kwa wakala. Ujumbe wa tapeli na namba yake vipeleke kwa 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli. Nenda kituo cha polisi ukafungue taarifa upate RB, yaani namba ya taarifa hiyo, ukiwa na picha za skrini, kumbukumbu za muamala na anwani kamili za barua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayagusa haya yote, udanganyifu na kujifanya mtu mwingine. Usifute mazungumzo kwa hasira au kwa aibu, huo ndio ushahidi wako. Na atakayejitokeza kukuambia ataidukua pesa irudi ukimlipa kidogo ni tapeli wa pili. Majina ya waliolizwa huuzwa.

Tuje kwenye lenzi, maana bado unaihitaji. Ikiwa utaitafuta tena huko, lipa ndani ya mnada wenyewe, kwa kadi. Hilo tu ndilo linalokupa haki ya kudai. Dhamana ya eBay ya kurudishiwa fedha inahesabu siku 30 kuanzia mzigo ulipofika au ulipotakiwa kufika, na haimlindi aliyelipa pembeni. PayPal ukichagua njia ya kutumiana ndugu na marafiki, ulinzi wa mnunuzi unaondoka. Wauzaji matapeli huomba njia hiyo kwa maneno matamu. Kadi unayoitumia iwe na pesa ya manunuzi hayo tu, mshahara ubaki kwingine.

Na kuna sharti linalowaumiza sana watu wa Tanzania. Mzigo ukishafika anwani ya kwanza, kisha ukatumwa tena kwingine, dhamana hiyo inakwisha. Maana yake lenzi ikifika Leicester, kesi inaishia Leicester. Dada yako asiipakie sandukuni ikiwa bado imefungwa. Aifungue huku akijirekodi, kuanzia boksi likiwa na lebo yake. Aimulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma atazame kama kioo kina ukungu wenye nyuzinyuzi, huo ni fangasi. Azungushe pete zote mbili, aisikilize inapotafuta fokasi, kama atapata mwenye kamera ya Canon karibu yake. Kasoro yoyote, adai akiwa hukohuko.

Kabla ya kununua, mwombe muuzaji video ya sekunde ishirini. Picha yenye karatasi iliyoandikwa jina lako na tarehe ilikuwa inatosha zamani, lakini siku hizi programu ya simu inaibandika karatasi hiyo kwa dakika moja. Kwenye video azungushe pete ya zumu, asogeze hadi namba ya lenzi isomeke, kisha aigeuze dirishani mwanga upite. Mwenye lenzi hufanya hivyo akiwa anakunywa chai. Asiye nayo atakuambia yuko safarini, au kazini baharini, au lenzi iko kwa shemeji yake. Muulize pia jambo ambalo mwenye nayo tu analijua: kifuniko cha nyuma kipo, ile shingo ya kufungia stendi inalegea? Tapeli hujibu kwa kunakili maelezo ya kiwandani. Mwenye nayo atakuambia ilianguka mara moja kwenye harusi ya binamu yake, na kuna alama hapa.

Halafu itazame akaunti yako mwenyewe, maana nawe una wateja na jina. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe kwanza, kisha kwingine. Barua pepe ndiyo funguo ya funguo zote, anayeishika anaweza kuomba nywila mpya kila mahali. Piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao huo waifute. Na kama kuna laini uliyoitupa ulipokuwa chuo na bado imeandikwa kwenye akaunti zako, iondoe leo. Laini isiyotumika hufungwa, na namba yake baadaye hupewa mtu mwingine, ambaye atapokea misimbo yako bila hata kuitafuta.

Nakuomba jambo moja. Usimtukane muuzaji huyo kwenye uwanja wa maoni, kwa sababu jina unaloliona pale ni la yule wa sufi. Nimesoma shukrani zake zote mia nne. Mmoja ameandika kwamba alimfumia mjukuu blanketi kwa nyuzi zake. Mtu huyo huenda hajui kabisa kwamba wikiendi hii jina lake linauza droni na jenereta. Ingia kwenye tangazo, bonyeza kuripoti bidhaa, chagua akaunti iliyoingiliwa au tangazo la udanganyifu kadiri utakavyoona, na uwaeleze habari ya anwani iliyoandikwa kwenye picha. Mimi nimeshafanya hivyo kwa zile nyingine kumi na tatu. Ya kwako nimekuachia wewe, kwa kuwa una ile barua yake na namba ya benki, na hizo mimi sina haki ya kuzitoa bila ruhusa yako.